Sumaku Niliyoipiga Nyundo

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga kwa soda na saa ya ukutani mliniomba niwaandikie namna ya kuishi na mashine zile. Nilikubali haraka, kama mstaafu yeyote anayeiogopa Jumatatu. Vyeo sitavizungumzia, vilikuwa vichache. Nilikusudia kuanza na mikanda, grisi na beringi, lakini miezi miwili kabla ya kustaafu lilinikuta jambo ambalo hata leo likinijia naweka kikombe chini. Kwa hiyo nitaandika habari za sumaku, na za mwanamke aliyefukuzwa kazi kwa ajili yake. Kwenye faili lake imeandikwa kwamba alilala kazini. Hakulala. Jueni hilo kwanza, halafu nitawaeleza nimelijuaje na kwa nini nimechelewa hivi.

Nilifika kiwandani hapo Bukoba nikitokea chumba cha kupanga Kashai, nina cheti cha ufundi na ovaroli ambayo tungeweza kuivaa watu wawili. Nilitegemea kukabidhiwa mashine ya kukoboa, ile kubwa inayosikika hadi barabarani. Badala yake msimamizi alinipeleka kwenye mfereji wa bati ambako kahawa ya maganda hupita ikitoka shimo la kupokelea, akanionyesha mwanamke wa makamo aliyekaa kwenye stuli, kichwani kafunga kitenge.

"Huyu ni Ma Kemilembe," akasema. "Kabla hujaigusa mashine yangu, kaa hapa wiki mbili uone inalishwa nini."

Niliona nimedharauliwa. Mtu niliyesomea mota, nakuja kuwekwa chini ya mama wa stuli! Nilimsalimia kwa nusu mdomo. Yeye akanisalimia kwa mdomo mzima, akaniuliza kwetu ni wapi, baba yangu ni nani, na kama nimekula.

Ma Kemilembe alikuwa mkulima wa Kaagya, Mlutheri, mzee wa kanisa huko kwao. Kazi yake kiwandani ilikuwa sumaku. Lilikuwa pande la chuma jeusi lenye miguu miwili, zito kama mtoto wa darasa la kwanza, limefungwa kwa bolti katikati ya mfereji ili kahawa ipite juu yake. Wakulima wetu huanika kahawa uani, na kila kinachoanguka uani huingia kwenye gunia: misumari ya mabati, nati za baiskeli, vipande vya waya. Gunia lililowahi kubeba dagaa wa kisiwa cha Goziba lilituletea ndoana. Siku moja ilinaswa kufuli nzima, imefungwa. Tuliitundika ukutani mwaka mzima, mwenyewe hakutokea.

Katika wiki zile mbili nilijifunza mengi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nilijifunza kwamba sumaku haichukui kila kinachong'aa. Chuma inakamata. Lakini pete ya shaba, kipande cha sufuria ya alumini, risasi za nyavu za samaki, vyote hivyo vinapita mbele yake bila wasiwasi, na hivyo ni kazi ya macho. Kila baada ya nusu saa Ma Kemilembe alisimamisha mfereji, akaondoa vyuma kimoja kimoja kwa kijiti, kisha akaipangusa sumaku kwa kitambaa kikavu. Aliifuta taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Na kila Jumatatu asubuhi aliipima. Alikuwa na msumari mdogo aliouning'iniza kwenye uzi. Aliusogeza polepole kuelekea kwenye sumaku mpaka msumari ulipoanza kuinama wenyewe hewani, hapo akasimama, akapima nafasi iliyobaki kwa vidole vyake. "Vidole vinne," alisema. "Iko sawa." Mwisho wa msimu aliifungua, akalaza kipande cha chuma laini juu ya miguu yake miwili kuiunganisha, akaifunga ndani ya gunia na kuiweka juu ya ubao.

"Nani alikufundisha haya?" nilimwuliza.

"Fundi aliyeifunga hapa. Alisema usiipige, usiichome moto, usiiache miguu wazi."

"Kwa nini?"

"Hakusema kwa nini, waitu, mwanangu. Nami sikumwuliza. Lakini sijaipiga."

Nilicheka ndani ya ovaroli yangu. Chuma ni chuma, nilijiambia, hiki hakina nyama kwamba kitaumia.

Nilipohamishiwa kwenye mashine kubwa nikawa mimi ndiye ninayesubiri. Kila nusu saa mfereji ulisimama, mashine ikanguruma tumbo tupu, na msimu ukichanganya malori yalijipanga hadi nje ya geti. Mama anatoa misumari kwa kijiti! Nikabuni utaratibu wangu. Nilifungua bolti mbili, nikaigeuza sumaku juu ya pipa tupu, nikaipiga mgongoni kwa nyundo mara tatu, misumari ikamwagika yote kwa pamoja. Dakika mbili. Kila Jumamosi niliiunguza kwa moto wa gesi kuondoa utomvu na vumbi lililogandamana, ikatoka safi ajabu. Kile kipande cha chuma laini niliona kinakaa bure, nikakipeleka karakana nikakifanya mtaimbo. Msimamizi alinipigia makofi mbele ya watu. Nakiri nilifurahi sana.

Ma Kemilembe hakupiga makofi.

"Swaibu, mwanangu, usiipige," aliniambia siku ya kwanza.

"Ma Kemi, malori yako nje."

"Nayaona. Usiipige."

Nilipiga. Na siku zilizofuata nilipiga pia, msimu hadi msimu. Yeye aliendelea na uzi wake wa Jumatatu, na kila mara akanipa taarifa hata nisipouliza. "Swaibu, leo ni vidole vitatu." Nilimwambia labda vidole vyake vinanenepa. Miezi ikapita. "Swaibu, ni viwili." Nilimwambia labda uzi umelowa. Alipofika kwenye kidole kimoja aliacha kuniambia mimi, akamwambia msimamizi. Msimamizi naye akanituma mimi, fundi, nikaangalie. Nilichukua msumari nikaugusisha kwenye sumaku, ukanata. Nikarudi nikasema sumaku ni nzima.

Ilikuwa msimu wangu wa sita, asubuhi, mara tu baada ya chai. Nilisikia mlio ndani ya mashine ya kukoboa ambao sijausikia tena maishani, na naomba nisiusikie. Bolti yenye unene wa kidole gumba ilikuwa imepita juu ya sumaku na kuingia tumboni mwa mashine. Chekeche lilipasuka, cheche zikaruka kwenye bomba la makapi, na makapi makavu ya kahawa hayahitaji kubembelezwa. Yaliwaka hadi alasiri. Stoo ya makapi ilibaki kuta. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini kiwanda kilisimama katikati ya msimu na ilibidi apatikane mkosaji.

Tuliitwa ofisini kwa meneja watu watatu: msimamizi, Ma Kemilembe na mimi. Sumaku ilikuwa juu ya meza, imewekwa kwenye gazeti.

"Bolti imepitaje?" meneja akauliza.

"Sumaku haishiki kama zamani," Ma Kemilembe akasema. "Nilisema." Akatoa uzi wake kwenye pindo la kitenge, akataka kuonyesha.

Meneja hakuutazama. "Mama, hapa hatupimi mitambo kwa uzi." Alichukua pini ya karatasi, akaigusisha kwenye sumaku, ikanata. Akanigeukia. "Fundi, hii ni nzima au mbovu?"

Nilijibu bila kufikiri, na nilijibu nikiwa na hakika. "Ni nzima, mkuu. Sumaku haizeeki."

"Basi mtu alilala," meneja akasema. Halafu akamwuliza Ma Kemilembe swali moja la mwisho: kama kuna mtu mwingine anayeishika sumaku ile. Msimamizi, aliyenipigia makofi, akainamia viatu vyake.

Alinitazama. Nakumbuka alinitazama muda mrefu, nami nikadhani ananiomba nimtetee, nikaangalia dirishani. Kisha akasema, "Mtunza sumaku ni mimi."

Barua aliipata kabla ya saa za kutoka. Aliondoka na stuli yake, maana ilikuwa yake, aliitoa nyumbani. Baadaye nikasikia kwamba hata kanisani kwao aliacha uzee wa kanisa, kwani watu walikuwa wakinong'ona kuwa mama huyu alilala kiwanda kikaungua. Nilimhurumia. Nilisema, maskini, uzee unakuja. Hayo ndiyo niliyosema, wala sikuyasema kwa unafiki.

Miaka mingine sitaielezea, mingi mnaijua. Mashine zilibadilishwa, mfereji ukabadilishwa, sumaku ile ile ikabaki, na vyuma viliendelea kupita kila msimu. Tuliwalaumu wakulima. Hatimaye mwaka huu ililetwa ya kisasa, pipa linalozunguka, nanyi mkaitupa ya zamani kwenye chuma chakavu. Niliiona nikaihurumia. Mpwa wangu anafundisha fizikia katika sekondari moja huko Muleba, na alikuwa akilalamika kila sikukuu kwamba maabara yake haina kitu. Gari letu lilikuwa linakwenda Muleba kuchukua kahawa ya chama cha msingi, nikapanda nayo, sumaku ikiwa miguuni mwangu.

Nilimkuta mpwa wangu yuko darasani na kidato cha pili. Akafurahi kupindukia, akaniweka mbele kwenye kiti, akawaambia wanafunzi kwamba babu huyu ameishi na sumaku maisha yake yote. Nikatabasamu. Alisema bahati nzuri ndiyo mada wanayorudia. Aliuliza swali kwa Kiingereza, kama wanavyofundisha, kisha akawaambia wajibu kwa Kiswahili kwa heshima ya mgeni.

"Taja njia za kuiharibu sumaku ipoteze nguvu zake."

Watoto hamsini wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kukariri.

"Kuigonga kwa nyundo! Kuichoma moto! Kuihifadhi vibaya!"

Vijana wangu, sijui nieleze vipi. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwomba mpwa wangu warudie. Wakarudia, safari hii kwa nguvu zaidi wakijua mgeni amependezwa. Kuigonga. Kuichoma. Kuihifadhi vibaya. Walikuwa wananisomea kazi yangu, kwa mpangilio uleule nilioubuni, watoto ambao wengine hata sauti haijavunjika. Jambo ambalo lilimfukuzisha mtu kazi lilikuwa linaulizwa kwenye mtihani wa kidato cha pili.

"Kwa nini?" nikauliza. Sauti ilitoka yenyewe.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akasimama. Alisema ndani ya chuma mna sehemu ndogondogo zisizoonekana kwa macho, na kila moja ni sumaku kivyake. Zikielekea upande mmoja, nguvu zao zinajumlishwa. Ukiigonga au ukiichoma zinatikisika, kila moja inageukia kwake, na zinaanza kufutana. "Kama sisi mstarini, kengele ya uji ikilia," akasema, darasa likacheka. Mpwa wangu akachukua sindano ya kushonea, akaisugua kwenye sumaku yake ndogo kuelekea upande mmoja tu, ikabeba pini tatu. Akaiweka kwenye moto wa taa ya spiriti hadi ikawa nyekundu, akaiacha ipoe. Haikubeba hata moja. Muda wote huo ulikuwa mfupi kuliko muda wa kunywa kikombe cha chai.

Halafu akaigeukia zawadi yangu. Akaijaribu kwa pini, ikashika mbili, ya tatu ikadondoka. Pande la chuma zito kama mtoto, pini mbili!

"Mjomba, hii wameitesa," akasema akicheka. "Nani aliipiga hivi?"

Nikasema, "Watu."

Niliwaambia watu. Mzee mzima, nywele nyeupe, mbele ya watoto hamsini. Nilitoka nje nikasema nahitaji hewa, nikakaa kwenye ngazi za maabara mpaka gari lilipokuja kunichukua. Dereva alinitazama akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nilipanda nikafunga mlango.

Nilijipa siku nyingi kabla ya kwenda Kaagya. Kwanza nilisema nisubiri nistaafu. Nilipostaafu nikasema nisubiri mvua zikatike. Nilikuwa najipa moyo kwamba huenda amekwisha kufa, na nilipojikuta naombea hivyo nikaona haya, nikanunua kilo mbili za sukari na sabuni ya mche, nikapanda bodaboda kutoka Kashai asubuhi hiyohiyo.

Alikuwa hai. Amekuwa mdogo, mgongo umeinama, lakini macho yaleyale. Alikuwa uani akianika kahawa, na alinitambua kabla sijavua kofia ngumu ya bodaboda.

"Swaibu," akasema. "Umezeeka vibaya. Umekula?"

Mkwe wake alitandika mkeka barazani, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu. Niliishika mkononi, nikashindwa kuitia mdomoni. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, darasa, watoto, sindano, pini mbili. Nikamwambia, "Ma Kemi, ni mimi niliyeiua. Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua."

Aliendelea kutafuna kahawa yake. Kisha akasema, kwa utulivu ulionitisha kuliko kama angenipiga, "Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ni nyundo. Vidole vinne mpaka kimoja, na nyundo yako kila siku. Ningekosaje kujua?"

Nilimkodolea macho. "Meneja alikuuliza! Alikuuliza kama kuna mtu mwingine anayeishika. Mbona hukunitaja?"

"Mkeo alikuwa amejifungua wiki ile. Mtoto wa kwanza, nilikuwa nimemletea ndizi. Mlikuwa mnaishi chumba kimoja cha kupanga. Mimi nilikuwa na kibanja, na ndizi haziombi barua ya kazi." Akatema ganda kiganjani. "Nikakutazama. Nikasema, huyu atasema mwenyewe. Ukaangalia dirishani."

Niliirudisha kahawa kwenye kijikapu. Mtoto yule ni mwanangu wa kwanza, ana watoto wanne sasa. Maisha yangu yote ya kazi, mishahara yote, ile saa yenu ya ukutani, vyote nilivipata kwa sababu mwanamke huyu alifunga mdomo, na mimi nilikuwa nikimsimulia kwenye vijiwe kama mfano wa mtu aliyezembea. Nililia. Sioni aibu kuandika hivyo.

"Nitakwenda kiwandani," nilimwambia. "Nitaandika. Watafuta lile neno kwenye faili lako."

"Andika," akasema. "Lakini faili silioni mimi. Mume wangu, Ta Byabato, ndiye aliyeniumiza. Sikumwambia kuhusu nyundo, angekuja kukutafuta na panga. Kwa hiyo naye akaamini nililala. Hakunipiga, hakunitukana. Ila kila nikisinzia barazani, hata uzeeni, alikuwa akikohoa. Alikufa na imani hiyo."

Akaniomba mkono, nikamsaidia kusimama, tukaingia kibanjani tukipita katikati ya migomba. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limesakafiwa kwa saruji, na msalaba wake. Akasimama pembeni, akaegemea mgomba.

"Mwambie," akasema.

Mimi ni Mwislamu, sikujua hata nisimameje mbele ya kaburi la Mlutheri. Nilivua baraghashia. Nikasema polepole, kwamba mimi ni Swaibu, fundi wa kiwandani, na kwamba mkewe hakulala.

"Paza sauti," Ma Kemilembe akasema. "Masikio yake yalikuwa mazito."

Nikapaza. Nilisema mimi ndiye niliyeipiga sumaku, kwa nyundo, misimu mingi, na mkewe alinikataza. Mkwe akatoka nje. Jirani upande wa pili wa ua akaacha kupalilia, akasimama na jembe mkononi, na mwingine akaja nyuma yake. Nikamtazama Ma Kemilembe kuona kama inatosha.

"Bado," akasema. "Rudia."